Mkate wa Juzi

Karatasi ya siagi alikuwa haitupi. Siagi ikiisha, mama mwenye nyumba wangu aliikunja karatasi yake mara mbili, akaichomeka kwenye mlango wa friji pamoja na nyingine sita au saba zilizotangulia, zikasubiri siku ya kuoka. Siku hiyo ikifika alichomoa moja, akaisugua ndani ya trei, kona hadi kona, mpaka bati likawa linateleza. Hapo tu ndipo alipokubali kwamba karatasi imemaliza kazi yake.

Nilikuwa mwanafunzi mjini Leeds, katikati ya miaka ya 1990. Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya matofali mekundu, moja ya nyumba zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima. Yeye alikuwa mjane aliyepita miaka sitini, mikono mikavu, maneno machache. Kamba za vifurushi alizifungua fundo kwa fundo, hakuzikata hata siku moja. Taa ya ukumbini ilikuwa na saa zake za kuwaka. Oveni aliizima dakika kumi kabla chakula hakijaiva, akisema joto lililobaki ndani litamaliza kazi, na kweli lilimaliza. Nikaandika nyumbani Tanga, katika barua ninayoionea haya hadi leo, kwamba nimepanga kwa bahili wa kutupwa.

Kilichonitia shaka juu ya hukumu yangu ni mfuko wa kitambaa uliotundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Humo aliingiza kila kipande cha mkate kilichobaki: ncha za boflo ambazo hazina mwenyewe, slesi iliyokauka pembeni, na zile kingo ambazo mimi nilizikata kwa madaha na kuziacha kwenye sahani. Mfuko ukijaa, nyumba nzima ilijua kwamba Jumapili kuna kitu kitamu. Na kitu hicho kililiwa na wote: mimi, mpangaji mwenzangu wa chumba cha nyuma, wajukuu wake wawili, na mzee mmoja wa nyumba ya tatu ambaye, kusema kweli, mama hakumpenda sana. Bahili gani huyu anayedunduliza wiki nzima kisha anagawa?

Kitu chenyewe ni pudini ya mkate. Waingereza wanaijua tangu zamani, kabla ya vita vyovyote tunavyovikumbuka, na sikuzote imekuwa pudini ya watu wasio na kitu. Lakini aliyoipika yeye ilikuwa ile ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kama alivyofundishwa na mama yake akiwa na miaka kumi, na hakutaka kuibadilisha hata chembe ijapokuwa duka la kona liliuza siagi ya kila aina. Unatwaa mkate mkavu wakia 8, yaani kama gramu 225. Unauloweka kwenye maji baridi robo saa, unaukamua, unauponda kwa uma usibaki na mabonge. Unatia wakia 2 za mafuta, iwe shahamu ya ng'ombe iliyokunwa au mafuta yoyote ya kupikia yaliyoyeyushwa. Sukari wakia 1. Zabibu kavu wakia 2. Kijiko cha chai cha viungo vilivyosagwa. Na yai moja. Maziwa ni ya kuungia tu, kidogo kidogo, mpaka mchanganyiko unate kwenye kijiko. Kisha trei, moto mdogo, saa moja na nusu.

Nasema wakia kwa sababu yeye alisema wakia, na kwa sababu bibi yangu naye alipima kwa wakia na ratili mpaka anafariki. Na vile viungo, alipofungua kikopo nikasogea kunusa, nilikuta mdalasini, kungumanga na karafuu. Karafuu ilinirudisha Pemba kwa shangazi, kwenye majamvi yaliyoanikwa juani. Nikasimama pale jikoni, mvua ya Novemba inapiga kioo, nikajiuliza ni safari ngapi zimefanyika ili mkate mkavu wa Leeds upate harufu hii.

Alikuwa na kitabu chake cha mgao kwenye droo, pamoja na vyeti vya ndoa na vya vifo. Sisi siku hizi tukisikia neno mgao tunafikiria umeme. Kwao ulikuwa mgao wa tumbo. Ulianza tarehe 8 Januari 1940, kwa bekoni, siagi na sukari, ukaendelea kuongeza vitu mpaka vyakula vingi vikawa na kipimo chake. Uingereza kabla ya vita ilikuwa ikiagiza zaidi ya nusu ya chakula chake kutoka ng'ambo, na nyambizi za Wajerumani zilijua hivyo. Mabaharia wa meli za biashara zaidi ya 30,000 walipotea katika vita hivyo, na si Waingereza peke yao: walikuwamo Wahindi, Wachina, Wasomali na Wayemeni, wengi wao wakiwa makuli wa tanuri chini kabisa ya meli, mahali ambapo bomu likiingia hakuna ngazi ya kupandia. Kijiko cha sukari kilichofika mezani kilikuwa kimeshindana na mambo hayo yote.

Mgao wa mtu mzima kwa wiki ulibadilikabadilika, lakini kwa kawaida siagi ilikuwa wakia 2, majarini 4, sukari 8, majani ya chai 2, yai moja, na jibini kipande kisichoshibisha panya. Mwaka 1942 yakaja mayai ya unga kutoka Marekani, kopo la mayai 12. Kijiko kimoja cha unga, viwili vya maji, hilo ndilo yai lako. Zabibu kavu zilihesabiwa kwa pointi, ukizichukua unakosa kitu kingine. Siku moja nilijaribu kuiweka hiyo riziki mezani. Nilipima sukari gramu 227, nikaimimina kwenye kisosi, nikaitazama. Mimi ni mtu wa Tanga, chai kwangu ni vijiko vitatu vyenye kilima, mara tatu kwa siku. Sukari ile isingefika Ijumaa, hata kama nisingeoka chochote.

Hapo ndipo palipo na jambo ambalo limenishughulisha miaka yote hii. Mtu mwenye sukari ya kisosi kimoja kwa wiki, mabomu yanaanguka usiku, mume yuko vitani, anatoa wakia nzima akaitia kwenye mkate wa kuloweka. Kwa nini? Pudini si dawa. Mkate ungeliwa vilevile bila kuokwa, na tumbo lisingejua tofauti.

Kiswahili kina neno zuri kwa chakula cha namna hii: kitindamlo. Ni chakula kinachofunga mlo, kama kitinda mimba anavyofunga uzazi, na kama kitinda mimba, hakikuwa cha lazima lakini kikishakuja ndicho kinachodekezwa. Mlo unaweza kwisha bila hicho. Lakini nyumba ambayo kila mlo unakwisha mara tu tumbo linaponyamaza inakuwa kama kambi: watu wanakula, wananawa, wanaondoka. Wanawake wale, maana walikuwa wanawake karibu wote, waliamua kwamba watoto wao watakuwa na kitu cha kungojea baada ya viazi. Uwekevu wao wote, karatasi ya siagi, kamba, mfuko wa mkate, ulikuwa unaelekea huko. Walibana huku ili kule pasikauke. Mimi nilikuwa naona kule kubana tu, nikampa mwenye kubana jina la bahili, kumbe bahili ni yule anayebana halafu hapapatikani Jumapili.

Walifika mbali katika jambo hili, pengine mbali kupita kiasi. Karoti haikuwa na mgao, tena ina utamu wake, basi ikatiwa kwenye kila kitu. Wizara ya Chakula iliivalisha kofia na kuiita Daktari Karoti katika mabango yake. Pudini ya Krismasi ilitengenezwa kwa karoti na viazi vilivyokunwa. Kulikuwa na tati ya karoti iliyojifanya ni ya aprikoti, na watoto waliuziwa karoti kwenye kijiti pahali pa aiskrimu. Nimeijaribu ile tati ya aprikoti bandia. Ni tati ya karoti. Haidanganyi mtu, na sidhani kama ilikusudiwa kudanganya. Ni mchezo ambao wote waliokaa mezani wanajua kanuni zake.

Na kuna keki za harusi. Mwaka 1940 serikali ilipiga marufuku kupamba keki kwa sukari. Maharusi wakawa wanakodi keki ya kadibodi, imepakwa chokaa nyeupe, ghorofa mbili tatu, inanyanyuliwa kama kawa, na chini yake kuna kijikeki cha kawaida kinachotosha kila mgeni apate tonge. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikakumbuka harusi zetu za kukodi, viti, hema, gari, mapambo, hata baadhi ya wageni, nikaacha kucheka. Tofauti ni kwamba wao walifunua kawa mbele ya watu.

Mgeni alikuja na sukari yake. Hili nalo lilinichukua muda kulimeza. Mama mwenye nyumba alinisimulia shangazi yake alivyokuwa akija kukaa siku tatu: mkobani ana majani ya chai kwenye kikaratasi kilichosokotwa, siagi kwenye kikopo cha dawa, na kitabu cha mgao anachokikabidhi mlangoni. Kwetu mgeni akija na unga wake amekutukana. Amesema hadharani kwamba huna. Lakini kwao kila mtu alijua kwa wakia kila mwenzake ana nini. Kumlia mwenyeji mgao wake kulikuwa kumlia watoto wake, na mgeni mwenye adabu hafanyi hivyo. Adabu ni ileile, hesabu ndiyo iliyobadilika. Tena shangazi akija na sukari yake, ndipo pudini inapowezekana. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sikujua kwamba kuna mahali ilikuwa kweli kwa kijiko.

Nani aliwafundisha? Wengi walijua tayari kwa sababu walikuwa maskini kabla ya vita. Waliobaki walifundishwa na redio. Kuanzia Juni 1940 BBC ilikuwa na kipindi cha dakika tano kila asubuhi, saa mbili na robo, cha mapishi ya wakati wa mgao, na Wizara ya Chakula iliajiri wataalamu wa mapishi, miongoni mwao Marguerite Patten, waliozunguka masokoni na viwandani kuonyesha namna ya kupika bila vitu vya kupikia. Waziri mwenyewe, Lord Woolton, alikuwa mfanyabiashara wa maduka makubwa kabla ya kuingia serikalini, na alijua kuuza. Pai ya mboga iliyopewa jina lake ilibuniwa na mpishi mkuu wa hoteli ya Savoy, François Latry, na watu waliila huku wakiitukana. Waliutukana pia mkate wa taifa ulioanza mwaka 1942, wa unga uliobakishiwa pumba zake, rangi yake ya kijivujivu. Walisema ni silaha ya siri ya Hitler.

Mtu wa Tanzania wa umri wangu akisikia habari ya mkate huo anatabasamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, nasi tulikuwa na mgao wetu: duka la kaya, kadi, foleni ambayo jiwe lako lilikushikia nafasi tangu alfajiri. Unga wa mahindi wa njano kutoka Marekani tuliuita unga wa Yanga, kwa sababu ya rangi ya timu, na washabiki wa Simba walipata la kusema kila wakikaa kula. Sukari ilikuwa habari. Mtu akipita na mfuko mdogo wa kaki mtaani, macho yote yalimsindikiza mpaka mlangoni kwake.

Mama yangu naye alikuwa na pudini yake ya mkate, ingawa hakuiita hivyo wala hakuiita chochote. Boflo likilala siku mbili, alilikata vipande, akalichemsha taratibu kwenye tui jepesi na iliki, na sukari kama ipo. Kama haipo, alitia tende mbili zilizopondwa. Tulilamba sahani. Lakini akija mtu, sufuria ilifunikwa. Hatukumpa mgeni kile. Na nilipokuwa mkubwa sikumwambia mtu yeyote kwamba tulikula mkate wa juzi uliochemshwa, mpaka siku ile jikoni Leeds, nilipomwona mwanamke mzima anautoa mkate wa juzi kwenye oveni, anaunyunyizia sukari kidogo juu, anauita jina lake kwa sauti na kumpelekea jirani.

Nimefikiri sana kwa nini wao wanajivunia na sisi tulifunika. Sehemu ya jibu ni rahisi: wao walishinda vita, na mshindi hata shida zake hugeuka hadithi tamu. Lakini kuna jingine, nalo nadhani ni zito zaidi. Wao, kwa kiasi kikubwa, waliamini kwamba kipimo ni kimoja. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alipokaa Buckingham Palace mwaka 1942, alikuta beseni la kuogea limechorwa mstari kuonyesha maji yasipite hapo, na mezani akapakuliwa kwenye sahani za dhahabu na fedha chakula cha vita, na mkate uleule uliokuwa ukitukanwa Leeds. Ni kweli kwamba tajiri aliweza kula hotelini nje ya mgao, hata baada ya serikali kuweka kikomo cha shilingi 5 kwa mlo mwaka 1942. Ni kweli kwamba walanguzi walikuwapo. Hakuna mgao usio na walanguzi. Lakini mpishi wa pudini ya mkate hakuwa na sababu ya kudhani kwamba nyuma ya duka gunia la sukari linatoka kwa mlango mwingine. Sisi tulikuwa na sababu, kwa kuwa wengi wetu tuliuona mlango wenyewe. Serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, bidhaa zilifukuliwa mashimoni na kutupwa barabarani usiku, mali ambazo tuliambiwa miaka miwili hazipo. Siku ile mama hakusema kitu. Aliangalia sufuria yake.

Uwekevu ukihubiriwa na aliyeshiba ni matusi. Ukifanywa pamoja na aliyeshika kipimo kilekile, unakuwa kitu kingine kabisa, karibu na furaha. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hivyo.

Ila Uingereza ilikuwa kali vilevile, tusidhani yote yalikuwa nyimbo. Tangu Agosti 1940 kupoteza chakula kulikuwa kosa la kushtakiwa. Januari 1943 mwanamke mmoja wa Barnet, karibu na London, alitozwa pauni 10 mahakamani kwa sababu ndege wa bustani yake walikuwa wakitupiwa mkate. Pauni 10 wakati ule zilikuwa pesa nyingi. Nilipomsomea mama mwenye nyumba habari hiyo, nikitarajia acheke, aliuliza tu: ulikuwa mkate kiasi gani?

Na kipimo kile kimoja kilikuwa na mpaka. Mpaka wake ulikuwa pwani. Mwaka huohuo wa 1943, mwanamke wa Barnet akilipa faini ya makombo, huko Bengal chini ya bendera ileile watu kati ya milioni 2 na milioni 3 walikufa kwa njaa na maradhi yanayoifuata. Wanahistoria wanabishana juu ya sababu na uzito wa kila moja: kuanguka kwa Burma na mchele wake, kimbunga, bei zilizopaa, mashua zilizochukuliwa na serikali, meli ambazo baraza la vita mjini London halikutaka kuzitoa. Hawabishani kwamba maombi ya chakula yalipelekwa, na kwamba yalijibiwa kwa kuchelewa na kwa uchache. Bengal haikuwa na kitabu chenye jina la kila mtoto, kilichogongwa muhuri.

Sisi tuliguswa baadaye, kwa njia ambayo ingechekesha kama isingekuwa na gharama. Vita vilikwisha mwaka 1945 lakini mgao haukwisha. Mkate wenyewe, ambao haukuwahi kupimwa wakati wa mabomu, uliingizwa kwenye mgao mwezi Julai 1946 ukakaa miaka miwili. Mafuta ya kula yalikuwa adimu kuliko yote. Ndipo serikali ya London ikatazama ramani ya Tanganyika na kuona karanga. Ekari zaidi ya milioni 3 za karanga, zikamuliwe, zigeuke majarini. Mwaka 1947 matingatinga yakaingia Kongwa, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, yakapambana na vichaka na mibuyu. Kiangazi kikaja, udongo ukakauka kama tofali, karanga zikashikwa ndani hazing'oki. Mvua haikutimia. Mpango ukaachwa mwaka 1951, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda, na kusini Mtwara ikabaki na bandari. Mgogo yeyote angewaambia habari ya mvua ya Kongwa, tena bila malipo.

Kwa hiyo zile wakia 2 za mafuta kwenye trei ya mama mwenye nyumba, kuna Watanganyika waliong'oa visiki kwa ajili yake. Nilimwambia. Alikuwa hajawahi kusikia Kongwa, akasikiliza mpaka mwisho akiwa na uma mkononi, kisha akasema kwamba majarini ya miaka ile ilikuwa mbaya sana, na kama ndiyo iliyowatesa watu hivyo basi afadhali wangewaacha wale mkate mkavu. Sikujua nicheke au nifanye nini. Nadhani lilikuwa ombi la radhi, kwa namna ya watu wa Yorkshire.

Mgao uliondolewa kimojakimoja. Peremende ziliachiwa Februari 1953, na watoto waliokimbilia madukani siku hiyo walikuwapo ambao hawajawahi kununua peremende bila kukatiwa kuponi. Sukari ilifuata Septemba. Nyama ilikuwa ya mwisho, tarehe 4 Julai 1954. Miaka kumi na minne na nusu. Mtoto aliyekuwa tumboni Januari 1940 alikuwa sasa anaota ndevu. Mama mwenye nyumba aliolewa ndani ya miaka hiyo. Keki yake ilikuwa ya kweli, alinihakikishia, ila ndogo, na shangazi yule wa kikopo cha dawa alichangia zabibu.

Nimekuwa nikiipika pudini hii tangu wakati ule, sasa katika jiko langu mwenyewe, na nimeifanyia mambo ambayo yangemkasirisha. Ninaongeza iliki, kwa ajili ya mama. Ninatumia tende badala ya nusu ya zabibu. Mara moja niliungia kwa tui pahali pa maziwa, na hilo silijutii. Sukari sijaongeza, wakia 1 inatosha, ukiacha ulimi uzoee mara mbili tatu. Wanangu wanaiita keki ya mkate na wanagombania kona zake, kwa kuwa kona ndizo zinazokauka na kutafunika. Akija mgeni siifuniki.

Ya kwanza kabisa niliyoipika peke yangu iliharibika. Niliuloweka mkate saa nzima badala ya robo saa, nikaukamua kivivu kama anayeogopa kuuumiza, nikatia kila kitu kwa vipimo sahihi, na baada ya saa moja na nusu nikatoa uji wenye ngozi. Hatukuutupa, tuliula kwa kijiko. Basi ukitaka kujaribu, usijali sana viungo wala aina ya mafuta, wala usinunue mkate mpya kwa kazi hii. Jali kukamua. Chukua konzi kwa konzi, bana mpaka maji yaache kudondoka, kisha bana tena.